Tuliandika Hapana

Jumatatu, 20 Mei

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mdogo uliyenikimbia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu linalonisumbua, na cherehani imekatika mkanda, lakini hayo nimeyazoea. Wewe sijui. Ningejuaje? Siku sita tangu uingie kwenye hicho chuo chenu cha wamisionari na hujaniandikia hata mstari mmoja. Au wino nao mmekatazwa, kama chai?

Naandika mwenyewe, kwa elimu yangu ya darasa la tatu, kwa hiyo usicheke. Binti wa jirani alitaka kunichapia kwenye simu yake, nikamwambia kaa na simu yako. Mambo yetu si ya kuchapwa na watu.

Picha imefika. Kiongozi wenu wa hapa, yule fundi bomba, ameileta jana na buti zake za matope mpaka kwenye mkeka wangu. Shati limekukaa. Kola nikishona mimi hailali, waambie hivyo. Lakini hiyo beji kifuani imenichekesha mpaka machozi. "Mzee"! Mzee wa nini wewe, na miaka kumi na tisa, juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi? Mimi niliyezeeka kweli naambiwa "wewe bibi, sogea huko."

Sasa hapa usome taratibu. Vidonge. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, usiruke. Ule ugonjwa wako wa kuanguka haujaenda popote, umelala tu, na kinachoulaza ni hivyo vidonge. Na mdomo uufunge. Fomu yao iliuliza kama umewahi kupoteza fahamu, nikakwambia andika hapana, ukaandika hapana. Fundi bomba akaja kuniuliza mimi mwenyewe, "Bibi, kijana ana maradhi yoyote?" Nikamjibu mzima kama reli. Yamekwisha. Miaka tisa nimelificha jambo hili. Ulipoangukia pasi ya moto nikasema uliivuta kwa utundu wako, na mtaa mzima ukaamini, hata Mama Chumvi wa getini ambaye haamini hata kalenda. Sikufanya kazi yote hiyo ili ukaropoke mbele ya watu wenye tai.

Dini yenu mimi siijui, na watu wasiokunywa chai bado nawatazama kwa jicho moja. Lakini ulilia kwa ajili ya safari hii, mtu mwenye ndevu. Basi maliza miaka yako miwili urudi na heshima yako.

Kula. Na uniandikie.

Mkeo mzee,
Bibi

*

Jumatano, 22 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, na pole na mkanda wa cherehani. Mimi sijambo, nala vizuri. Nisamehe kwa kuchelewa. Siku ya kuandika nyumbani ni moja tu kwa wiki, Jumatano, ndiyo hiyo hiyo ya kufua na kunyoa nywele.

Siku zetu ziko hivi. Kengele inalia saa kumi na mbili na nusu. Tunapiga magoti, tunatandika, tunapanga foleni ya kuoga, na saa mbili tuko darasani mpaka mgongo uombe msamaha. Kuna mwalimu anavaa kofia na kujifanya mtu wa mtaani. Tunabisha hodi, anafungua mlango wa darasa na kusema, "Nina dakika tano tu." Hapo ndipo tumfundishe. Jana akatuuliza, "Mungu wenu akisikia maombi, mbona mwanangu alikufa?" Najua anaigiza, lakini nikafungua kitabu kutafuta mstari. Mwenzangu ndiye aliyejibu: "Hatujui, baba." Mwalimu akavua kofia, akasema hilo ndilo jibu la kwanza la kweli wiki hii.

Huyo mwenzangu ndiye ninayetaka kukueleza. Kila mmoja wetu hupewa mwenzi, na sheria ni kwamba msipotezane machoni. Nikifua, yupo. Nikipiga pasi, yupo. Chooni tu ndiyo anabaki nje ya mlango, na hapo huimba kwa sauti ili nijue hajaondoka. Baba yake ni fundi wa kuchomelea, na yeye mwenyewe ana mabega kama kabati. Chumbani tunamwita Trekta, kwa sababu ya kukoroma.

Kwa hiyo vidonge ni taabu. Nimevificha kwenye kopo la dawa ya viatu nililoliosha. Navimeza chooni bila maji. Jana kimoja kilinikwama, nikakohoa, Trekta akagonga mlango (hapa kila mmisionari anaitwa Mzee, Bibi): "Mzee, unakufa humo?" Nikasema hapana. Bibi, siku hizi kila nikisema hapana nasikia sauti yake.

Tumeanza mazoezi ya kubatiza. Si majini kwanza, ni kwenye zulia. Trekta ananishika mkono, namlaza chali, namwinua. Kwenye maji yenyewe mtu lazima azame wote. Hata ncha ya nguo ikielea inarudiwa, na mashahidi wawili wanasimama kutazama. Nilipokuwa nimemlaza pale nikawaza, tukiwa majini kweli, halafu mimi. Sikumaliza kuwaza.

Usiogope. Au ogopa kidogo, tugawane.

Mjukuu wako

*

Jumamosi, 25 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu. Mimi naendelea, goti nalo linaendelea, kila mtu na njia yake.

Nani alikwambia nigawane nawe woga? Woga wa kwangu ninao tangu hujafika begani kwangu. Wewe ulikuwa unaanguka na kuzinduka hujui kitu, unaomba maji. Aliyeona macho yako yakigeuka ni mimi. Kwa hiyo usinifundishe.

Kopo la dawa ya viatu! Umekosa kwingine? Utakufa kwa kiwi kabla ya ugonjwa wenyewe. Chukua ule mkoba wa kitambaa niliokushonea, fumua mshono wa chini inchi mbili, weka humo.

Na huyo Trekta, mpe salamu zangu, lakini usimzoee mno. Mtu anayekusikiliza mpaka chooni atasikia mengi.

Habari ya maji siipendi. Nimeisoma mara tatu na mara tatu siipendi. Waambie wewe ni wa kufundisha, si wa kuzamisha. Sema unaumwa mgongo. Hapana, usiseme unaumwa chochote. Sema maji unayaogopa. Huo si ugonjwa, hata mimi nayaogopa.

Bibi

*

Jumatano, 29 Mei

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Barua yako ilifika, nikaisoma nikiwa nimejifunika shuka. Mimi sijambo, usingizi tu umepungua.

Kusema naogopa maji sasa siwezi, na nitakwambia kwa nini. Jikoni kwetu kuna mama anayeosha vyombo. Tunamwita Mama wa Masufuria, na yeye anatuita "nyie wazee wangu wa maziwa." Amejifunza kwa wamisionari miezi mingi, na anabatizwa Jumamosi ya tarehe 15. Alikuja na aproni yake mpaka ofisini kwa Rais. Rais ndiye mkuu wa chuo, Bibi, usinicheke. Akamwambia, "Utotoni nilizama mtoni, nikatolewa nimevimba. Sitaingia kwenye maji na mtu yeyote ila yule kijana mwembamba. Mikono yake imetulia." Mwembamba ni mimi. Rais akakubali, na wote wakanipigia makofi.

Mikono yangu imetulia, Bibi. Nilitaka kucheka.

Sasa jambo la pili, na usipige kelele kabla hujamaliza kusoma. Jumapili hii ni ya kwanza ya mwezi, siku ya kufunga. Tangu Jumamosi mchana mpaka Jumapili jioni hakuna chakula wala maji. Mwalimu alisema wazi kwamba mgonjwa ale, na hakuna atakayemuuliza. Lakini mimi kwenye karatasi si mgonjwa. Na kila anayefunga huwa na jambo analoliombea. Mimi nitafunga kila kitu, na vidonge pia, niombe kuponywa. Nikipona, basi kile tulichoandika kitakuwa kweli. Hatutakuwa tumedanganya. Tutakuwa tulitangulia tu.

Kisha nitaingia majini na yule mama bila hofu.

Niombee na wewe, kwa dini yoyote.

Mjukuu wako

*

Ijumaa, 31 Mei

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. KULA. MEZA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uone hata ukiwa umejifunika hilo shuka.

Nani kakutuma kumjaribu Mungu na mwili niliouguza mimi? Unadhani sikuomba? Niliomba kila siku ya miaka tisa, halafu nikaamka nikakupa kidonge. Ulipokosa siku mbili tu, ule mwaka zahanati ilipoishiwa dawa, unakumbuka? Hukumbuki. Nakumbuka mimi. Mara nne kabla ya jua kuzama.

Barua yako imenifikia leo saa nne. Nimekimbia posta na goti hili. Yule wa dirishani ananiambia ya kwangu itafika Jumatatu. Jumatatu! Nikamuuliza kama ana mtu wa baiskeli. Akaniuliza kama nina akili.

Basi nikapiga simu ya chuo, ile namba uliyobandika ukutani. Unajua simu yangu haishiki ndani, mpaka getini, na getini ndipo Mama Chumvi kaweka meza yake ya chumvi na viberiti. Nikasimama, nikampa mgongo. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Namtaka mjukuu wangu."

"Mama, wamisionari hatuwaiti kwenye simu isipokuwa kwa dharura. Kuna dharura?"

Nilisikia Mama Chumvi ameacha kupanga viberiti.

"Kuna msiba, mama?"

"Hakuna msiba."

"Kuna mgonjwa?"

Nikasema hapana. Mimi, mdomo huu. Yule mwanamke akasema Mungu akubariki, nikakata. Mama Chumvi akauliza, "Mzee wetu hajambo?" Nikamwambia hajambo kukuzidi.

Nimekaa hapa nashona vifungo kwenye upande wa matundu. Sijui barua hii naiandikia nani, maana ikikufikia itakuwa imekwisha kuwa vyovyote itakavyokuwa. Lakini nikiacha kuandika nitabaki na mikono mitupu.

Meza kidonge, mume wangu. Nakuomba. Unajua mimi huwa siombi mtu.

Bibi

*

Jumamosi, 8 Juni

Mjukuu wangu,

Jumatano imepita, barua hakuna. Alhamisi hakuna. Leo nimeingia posta mara mbili mpaka yule wa dirishani akaona haya, akanionyesha kisanduku chenyewe kwamba ni kitupu.

Fundi bomba nilimpitia. Alikuwa amelala chini ya sinki la watu, miguu tu nje. Nikaiuliza miguu, "Habari za chuoni?" Ikanijibu, "Bibi, kungekuwa na baya wangenipigia." Alijibu kama mtu anayejua kila kitu, na hajui, kwa sababu mimi ndiye niliyemdanganya.

Niandikie neno moja. Lolote.

Bibi

*

Jumapili, 9 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nipo. Naanza na hilo.

Sikuandika Jumatano kwa sababu mkono wa kulia ulivimba. Leo Trekta ameniruhusu kuandika ingawa si siku ya barua, na amekaa kitandani kwake akiangalia dirisha.

Ilikuwa Jumapili ile, baada ya ibada, saa saba mchana. Tulikuwa tunashuka ngazi. Nikasikia ile harufu ya nguo inayoungua, ile inayonijia kabla ya kuanguka, unayoijua. Nikajua. Nilitaka kukaa chini, lakini watu walikuwa nyuma yangu na nikaona aibu kukaa kwenye ngazi. Aibu tu, Bibi. Nilichokumbuka baadaye ni dari, na ulimi wangu una damu, na Trekta amenikumbatia, jino lake la mbele limevunjika nusu. Alikuwa ngazi moja mbele yangu. Alinidaka, au mimi nilimwangukia, kisha akazikinga ngazi zote zilizobaki kwa mgongo wake.

Walimu walipokuja akawaambia, "Ni njaa. Mzee amefunga kwa bidii mno." Wakacheka, wakanipa uji.

Chumbani akafunga mlango. "Ile si njaa. Dada yangu alikuwa hivyo."

Nikamuuliza, "Alikuwa?"

"Alikuwa. Alikwenda kuchota maji mtoni, peke yake."

Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema, "Sisemi. Lakini usiniombe tena." Ninameza vidonge sasa, mbele yake, na maji. Nikiingia chooni anasimama nje kama kawaida, lakini siku hizi haimbi.

Mama wa Masufuria ameshashonewa nguo nyeupe. Juzi alinionyesha, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Hii hii." Ni Jumamosi. Nikiwaambia ukweli wananirudisha nyumbani, na mtaa mzima utajua kwa nini. Nisipowaambia, labda haitatokea kitu. Vidonge nimerudia wiki nzima. Ni dakika mbili tu majini. Labda moja na nusu.

Wewe ndiye uliyesema niandike hapana. Sikulaumu, nilikuwa nataka kuandika hivyo hivyo. Lakini sasa niambie. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza na nitaingia naye. Ukisema niseme, nitasema. Mimi peke yangu siwezi.

Barua hii Trekta anaipeleka posta kesho asubuhi. Nijibu upesi.

Mjukuu wako

*

Jumatano, 12 Juni

Mjukuu wangu,

Sitaandika salamu leo.

Barua yako imefika leo. Nimehesabu kwa vidole. Nikikujibu kwa posta inakufikia Ijumaa, ikichelewa siku moja inakukuta kwenye maji. Sikukaa. Nimetoka na simu mpaka getini. Mama Chumvi yupo, na wateja wawili, na binti wa jirani. Safari hii sikumpa mtu mgongo, maana upande wa pili simu haishiki vizuri.

Yule yule mwanamke. "Kuna dharura, mama?"

"Ipo."

"Nani mgonjwa?"

"Ni huyo huyo ninayemtaka."

Akaniambia subiri. Mara akaja mwanamume, anasema yeye ni Rais. Nikamwambia sijawahi kuongea na rais yeyote kwa hiyo anivumilie. Nikasema, mjukuu wangu ana kifafa. Nimeliandika na hapa, ulione. Kifafa. Miaka tisa. Nikasema fomu niliijaza mimi kwa mkono wake, na fundi bomba nilimdanganya mimi, na Jumapili ile haikuwa njaa, na asimguse yule kijana mwenye mabega kwa sababu amefanya kazi ambayo mimi sikuwepo kuifanya. Na asikuache uingie majini na mama wa watu.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Akauliza, "Anatumia dawa gani, Bibi, na amebakiza ngapi?" Basi. Nikakosa mtu wa kugombana naye.

Nilipokata, Mama Chumvi akashika kiuno. "Miaka tisa, mwenzangu! Na mimi nikaja na pole ya pasi!" Nikamwambia pole yako nitakurudishia. Halafu yeye ndiye aliyenipa kiti chake.

Sijui watakufanya nini. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Bibi

*

Jumapili, 16 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Nilikuuliza wewe. Hukunijibu mimi, ukamjibu Rais. Aliniita Jumatano jioni na kila kitu alikuwa anakijua, mpaka harufu. Hukuniachia hata neno moja la kusema kwa mdomo wangu. Sasa kila mtu atajua kwamba nilisemewa na bibi yangu kama mtoto aliyekojoa darasani.

Mama wa Masufuria alibatizwa jana, aliyembatiza ni Trekta. Mimi nilikaa kiti cha mwisho. Alipotoka majini alinitafuta kwa macho, nikatazama sakafu.

Sikuanguka. Muda wote ule nilikaa nikisubiri nianguke ili ionekane ulikuwa na haki. Ilikuwa dakika moja na nusu, nilihesabu. Sikuanguka. Ningeweza kumbatiza mimi.

Beji wameniachia kwa sasa. Alhamisi nitaonwa na daktari wa mishipa ya kichwa, ndipo wataamua kama ninaendelea, au natumika karibu na nyumbani, au narudi.

Mzee, wa chumba namba nne

*

Jumanne, 18 Juni

Kwako mjukuu wangu, kwa sababu mimi Mzee wa chumba namba nne simjui,

Salamu. Goti limevimba, usijali. Nimefurahi umekasirika kwa mistari mingi. Nilidhani utaniandikia miwili.

Una haki. Ulistahili kusema mwenyewe. Uwongo ulikuwa wangu nikakubebesha, na ukweli nao nikakunyang'anya. Hilo nalikubali, na unajua mimi kukubali kwangu ni mara ngapi kwa mwaka. Lakini ningekuachia siku ngapi, mume wangu? Zilibaki mbili na nusu. Na wewe mwenyewe uliniandikia labda mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Mimi kwa labda simpeleki mtoto wa mtu majini, wala mama wa mtu.

Unasema hukuanguka. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Unauandika kama unanisuta. Nisute. Mwambie Rais, mwambie Trekta, mwambie yule mama kwamba bibi yako alipiga kelele bure. Natamani nionekane mjinga kila Jumamosi iliyobaki ya maisha yangu.

Daktari ni keshokutwa. Nimemwomba Mama Chumvi aniachie nafasi pale mezani pake, nikae na simu tangu asubuhi. Yeye ameniuliza nitafanya nini ikilia. Nimemwambia ukweli, sijui. Ikilia naogopa, isipolia naogopa. Lakini nitapokea mimi, na nitakachoambiwa nitakirudia kwa sauti hapo hapo, wasikie wote.

Bibi yako